Nani Alitangulia: Nyumba au Barabara?

Katika alfabeti ya Kiswahili hakuna herufi X. Darasani hatukufundishwa kuisoma wala kuiandika. Lakini watu wanaokaa kando ya barabara kuu wanaijua sana. Wameiona ikipakwa rangi kwenye ukuta wa nyumba. Wanajua kwamba nyumba yenye X huenda ikabomolewa ili kupisha barabara.

Mwenye nyumba akiiona alama hiyo huuliza: "Je, nitalipwa fidia?" Jibu lake hutegemea swali jingine. Nani alitangulia, nyumba au barabara? Wahusika wa barabara wana msemo wao. Husema kwamba huyu ameifuata barabara, na yule amefuatwa na barabara. Aliyeifuata hana haki ya kudai kitu. Aliyefuatwa ana haki ya kulipwa.

Maoni yangu ni haya. Swali hilo lisijibiwe kwa kukumbuka tu. Lijibiwe kwa maandishi. Kila kijiji kilicho kando ya barabara kuu kiandike historia ya barabara yake na ya nyumba zake. Kifanye hivyo mapema, kabla rangi haijafika ukutani.

BARABARA HUKUA

Barabara ni kama mti. Huanza nyembamba, kisha hunenepa. Tazama barabara yetu kubwa. Inatoka Dar es Salaam. Inapita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega. Ikifika Tinde, mkoani Shinyanga, inagawanyika. Tawi moja linakwenda Shinyanga mjini hadi Mwanza. Tawi la pili linapita Isaka na Kahama, kisha Masumbwe na Ushirombo katika mkoa wa Geita. Linafika Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Na kutoka Mwanza iko barabara nyingine inayopita Sengerema na Geita kwenda Biharamulo na Bukoba.

Zamani njia za nchi hii zilikuwa za miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walibeba pembe za ndovu na chumvi. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alitoka Tabora akaenda kaskazini kwa miguu. Alipita katika nchi ya Wasukuma mpaka akaliona ziwa kubwa huko Mwanza. Njia ya namna hiyo haikumsumbua mwenye nyumba. Mtu mmoja na mzigo wake walihitaji nafasi ndogo tu.

Baadaye ilikuja reli. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Mwaka 1940 Williamson aligundua almasi huko Mwadui. Katika miaka hiyo ya 1930 na 1940, wachimbaji walikuwa wakitoa dhahabu huko Geita. Wakulima nao walilima pamba, na pamba ilihitaji kufikishwa kwenye viwanda vya kuchambulia. Motokaa zikaongezeka. Njia ya miguu ikawa barabara.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2001 mgodi wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu. Mwaka 2009 ukaanza Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, na huo ulifungwa mwaka 2021. Migodi huhitaji mafuta, mitambo na vyakula. Vitu hivyo hubebwa na malori makubwa. Malori mengine hupeleka mizigo Rwanda na Burundi. Mwaka 2016 daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa. Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo na Busisi. Daraja hilo lina urefu wa kilomita 3. Kabla yake, magari yalisubiri kivuko.

Katika historia hiyo tunaona jambo moja. Kila mzigo mpya unadai barabara pana zaidi. Mpagazi alitosheka na nafasi ya hatua moja. Lori la matela linahitaji lami, mabega ya barabara, mitaro na mahali pa kuegesha. Kwa hiyo anayejenga leo asitazame upana wa lami ya leo peke yake. Barabara bado inakua.

WALIOLETWA KANDO YA BARABARA

Wapo watu wanaosema kwamba kila mwenye nyumba karibu na barabara ni mkaidi. Wanasema alifuata biashara, akapuuza sheria. Mimi sikubali. Wapo wa namna hiyo, lakini si wote.

Kumbukeni mwaka 1974. Huo ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji katika mkoa wa Shinyanga. Kabla ya hapo wazee wetu walikaa mbalimbali. Kila mji ulikuwa na ua wake wa minyaa na mashamba yake kando. Serikali ilitaka watu wakae pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Watu wakahamishwa. Nyumba zikapangwa kwa mistari, na vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili magari ya serikali na ya pamba yaweze kufika.

Mzee aliyehamishwa mwaka ule hakuifuata barabara kwa tamaa. Wala barabara haikumfuata. Aliletwa. Aliyemleta ndiye aliyemwonyesha mahali pa kujenga. Leo mzee huyo amefariki, na mjukuu wake ndiye anayekaa pale. Akiulizwa, "Nani aliwaruhusu kujenga hapa?" atajibu nini? Akisema, "Babu aliniambia," hilo ni neno tu. Akionyesha kitabu cha kijiji chenye mwaka, jina la babu na uamuzi wa mkutano, huo ni ushahidi.

SHERIA INASEMAJE?

Pande zote mbili za barabara kuna ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Ardhi hiyo inaitwa hifadhi ya barabara. Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22 na nusu kila upande. Hupimwa kuanzia katikati ya barabara. Bunge likatunga Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika mwaka 2009. Hifadhi ikawa mita 30 kila upande. Yaani iliongezeka mita 7 na nusu upande wa kulia, na mita 7 na nusu upande wa kushoto.

Mita 7 na nusu ni kiasi gani? Ni hatua kama kumi za mtu mzima. Ndani ya hatua hizo kumi inaweza kusimama nyumba nzima, pamoja na jiko na ghala.

Ndiyo maana rangi za X zilitofautiana. X nyekundu iliwekwa kwenye nyumba zilizo ndani ya mita 22 na nusu. Hizo zilihesabiwa kuwa zimeifuata barabara. X ya kijani iliwekwa kwenye nyumba zilizo kati ya mita 22 na nusu na mita 30. Wenye nyumba hizo walikuwapo kabla sheria haijabadilika. Ardhi yao ikihitajika, hulipwa fidia kwanza.

Utaratibu huo una haki ndani yake. Lakini una upungufu. Yule mzee wa mwaka 1974 hana rangi yake. Kama aliwekwa mita 20 kutoka katikati ya barabara, atapata X nyekundu sawa na mtu aliyejenga kibanda juzi usiku. Naona hilo si haki. Mtu aliyewekwa mahali na serikali asiitwe mvamizi. Asikilizwe, na akithibitisha kwamba aliwekwa pale, alipwe. Katiba yetu, kifungu cha 24, inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema.

Upana wa hifadhi nao si sawa kila mahali. Barabara hii hii, huko mwanzo wake kati ya Kimara na Kiluvya, ilikuwa na hifadhi ya mita 121 na nusu kila upande. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa huko ili kupanua barabara. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wamekaa hapo miaka mingi. Tusisubiri kujifunza somo hilo kwa kubomolewa.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi sasa tunajua kuandika. Basi tufanye mambo manne.

Kwanza, halmashauri ya kijiji iandike historia. Iandike kijiji kilianza mwaka gani, nani walihamishiwa hapo, na kila nyumba ya kando ya barabara ilijengwa mwaka gani. Wazee waulizwe sasa, wangali hai. Maandishi yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, watu wayakubali, na muhtasari utunzwe.

Pili, tupime. Chukueni kamba, ipimeni kwa futi kamba mpaka ifike mita 30. Ivuteni kutoka katikati ya barabara, mtu mmoja akiangalia magari. Hapo inapoishia, pandeni minyaa. Minyaa haihitaji fedha, huvumilia jua, na mbuzi hawaipendi. Itakuwa mpaka ambao mtoto na mgeni wanauona. Lakini kwanza waulizeni TANROADS kama upana wa mahali penu ni mita 30 kweli.

Tatu, asiuziwe mtu kiwanja ndani ya mpaka huo. Kiongozi wa kijiji anayeuza kiwanja ndani ya hifadhi anauza kitu kisicho chake. Anayenunua naye ananunua hasara. Tangu mwaka 2009 hakuna wa kusema kwamba sheria imemkuta. Meza ya kuuza karanga au mchele huondolewa kwa dakika moja. Nyumba ya tofali haiondoki hivyo. Na wale wanaojenga karibu sana na malori wanahatarisha watoto wao pia.

Nne, anayewekewa X asikae kimya. Aulize kwa barua: Nyumba yangu iko mita ngapi kutoka katikati ya barabara? Imehesabiwa kuwa ya mwaka gani? Kama kuna fidia, imehesabiwaje? Fidia ya ardhi ni zaidi ya bei ya kuta. Inahusu pia thamani ya ardhi, usumbufu, usafiri na makazi ya muda. Atunze nakala ya barua hiyo.

Serikali nayo ina wajibu. Wataalamu wafike kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kufika na ndoo ya rangi. Waweke alama za mpaka mapema, wakati kiwanja bado ni kichaka. Kigingi kinachowekwa leo ni rahisi kuliko nyumba inayobomolewa kesho.

WANAOSEMA TUNACHELEWESHA MAENDELEO

Kuna watakaosema: "Mnahesabu mita, na nchi inataka kwenda mbele." Tunawajibu kwamba sisi ndio tunaoihitaji barabara kuliko wengine. Mama mjamzito hupelekwa hospitali kwa barabara. Pamba, mpunga na ng'ombe hufika sokoni kwa barabara. Hatupingi lami. Tunasema kwamba faida ya barabara inawafikia watu wengi, tangu bandarini hadi Rusumo. Si haki hasara yake ibebwe na kaya moja peke yake. Fidia ni njia ya kugawana mzigo huo.

Na mwananchi mwenye maandishi hacheleweshi kazi. Anaiharakisha. Mabishano hurefuka pale ambapo kila mmoja anasema lake na hakuna kitabu cha kufungua. Kijiji chenye kitabu, mpaka wa minyaa na miaka iliyoandikwa vizuri kinaweza kumaliza shauri kwa siku moja. Kazi ya kuandika kitabu hicho haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Inahitaji daftari, kalamu, wazee wachache, na watu waliohitimu darasa hili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijiji chenu kilianza mwaka gani? Nani anakumbuka?
2. Nyumba iliyo karibu zaidi na barabara iko mita ngapi kutoka katikati ya barabara? Pimeni.
3. Kuna tofauti gani kati ya mtu aliyeifuata barabara, aliyefuatwa na barabara, na aliyeletwa kando ya barabara? Je, mnakubaliana na mwandishi?
4. Andikeni pamoja barua fupi ya kuuliza mpaka wa hifadhi ya barabara katika kijiji chenu.