Pasaka na Noeli Hazitoshi

Mwandishi anayedai kwamba kukomunika kila siku kunaishusha hadhi Ekaristi, na kwamba Pasaka na Noeli zatosha, amechukua kiwango cha chini kabisa akakifanya kilele. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza komunyo walau mara moja kwa mwaka; haukumkataza mtu kuzidisha. Mwaka 1905 Papa Pius X alihimiza komunyo hata ya kila siku, akidai mambo mawili: hali ya neema na nia njema. Kanuni ya 917 ya Sheria za Kanisa inaruhusu hata mara ya pili siku hiyohiyo, mradi mtu ashiriki Misa. Mwenye dhambi ya mauti aungame kwanza, hilo sibishi. Lakini mjane anayewahi Misa ya alfajiri, kwa nini umwambie angoje Noeli?