Acheni kuazima jQuery kwa jirani

Ijumaa iliyopita nilibishana na mwenzangu kazini hadi chai ikapoa. Tulikuwa tunakagua fomu ya kuomba mkopo ya chama kimoja cha akiba. Ukurasa mmoja, sehemu sita za kujaza, basi. Juu ya faili nikakuta mstari unaoita jQuery kutoka seva ya ng'ambo. Nikamuuliza ni ya nini. "Kaka, kila mtu anayo tayari kwenye brauza yake. Haili bando ya mteja."

Hoja hiyo naijua. Niliikariri chuoni, nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa maksi. Google ilipoanza kuhifadhi maktaba za JavaScript kwa matumizi ya wote mwaka 2008, ilikuwa na maana: tovuti ya kwanza inashusha jQuery, ya pili na ya kumi zinaikuta kwenye mashine. Lakini hoja hiyo ilikufa zamani na sisi bado tunaitembeza! Safari iliacha kushirikisha akiba hiyo baina ya tovuti mwaka 2013, Chrome ikafuata Oktoba 2020, Firefox Januari 2021. Sababu ilikuwa faragha, maana tovuti iliweza kupima faili linafunguka haraka kiasi gani na kubahatisha umepita wapi. Siku hizi kila tovuti ina kabati lake. jQuery uliyoipata kwa jirani inashushwa upya kwako, kama kilobaiti 30 ikiwa imebanwa, tena baada ya simu kutafuta anwani ya seva nyingine na kufungua muunganisho mwingine salama. Kwa mtandao wa mashinani, huko kuzunguka ndiko kunakochosha kuliko faili lenyewe.

Hiyo ni kasi tu. Kinachonikasirisha hasa ni kwamba fomu ile inauliza nambari ya kitambulisho na ya simu. Msimbo wowote unaouita ndani ya ukurasa unaona kila herufi anayoandika mteja. Wewe umemkabidhi nani hayo macho?

Kumbukeni polyfill.io. Ilikuwa inazipa brauza kuukuu viraka vya JavaScript, bure. Februari 2024 jina hilo la tovuti likaingia mikononi mwa kampuni iitwayo Funnull. Andrew Betts, aliyeanzisha mradi huo, akawasihi watu wauondoe mara moja. Mwezi Juni, wachunguzi wa Sansec wakaonyesha kwamba msimbo uliotoka pale ulikuwa unawapeleka baadhi ya watumiaji wa simu kwenye tovuti za kamari. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa na mstari ule. Seva zao hazikuvunjwa. Waliuacha mlango wazi wenyewe.

Najua kuna atakayesema tuweke `integrity`, brauza ilinganishe faili na alama yake. Sawa, weka, kwa faili lisilobadilika. Polyfill ilikuwa inaipa kila brauza faili tofauti, kwa hiyo hapakuwa na alama moja ya kulifunga.

Sisemi tuandike kila kitu wenyewe. Mtu anayejitungia njia yake ya kuficha nywila simwamini hata dakika moja. Ukihitaji maktaba, shusha toleo unalolijua, liweke kwenye seva yako, lisome hata kwa juujuu. Lakini kwanza jiulize kama unaihitaji. jQuery ilitoka mwaka 2006 kutuokoa na brauza zilizogombana, na Internet Explorer 11 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia kwenye Windows 10 ya kawaida Juni 2022. `fetch` ipo. `querySelector` ipo. Kuficha kitufe hakuhitaji kilobaiti 30.

Fomu ile tuliimaliza kwa mistari 23 ya JavaScript ya kawaida. Mwenzangu bado anadai namtesa bure. Jumatatu nilitafuta mstari uleule kwenye kazi zetu za zamani, nikaupata kwenye kurasa nne. Mbili niliziandika mimi, mwaka 2021.