Banshee Imekataa Kufa: Kwa Nini Mafundi Wadogo Wanaweza Kuirudisha, na Pale Watakwama

Kama ulikulia ushago, ama ulikuwa unapelekwa huko kila Desemba, kuna sauti moja unaijua. Ni ile nduthi ya afisa wa kilimo, Yamaha AG100, ikipanda mlima na moshi wa bluu nyuma yake, ikilia kama nyuki aliyekasirishwa. Hiyo ni injini ya mipigo miwili, tu-stroki kwa lugha ya makanika. Boxer na TVS zinazokubeba leo ni fo-stroki, ndio maana zinanguruma kipole na hazikuachi ukinuka moshi.

Sasa chukua hiyo sauti ya AG100, weka silinda mbili badala ya moja, ongeza ukubwa wa injini zaidi ya mara tatu, halafu ifunge kwa fremu ya magurudumu manne isiyo na bodi ya maana. Hiyo mnyama inaitwa Yamaha Banshee. Haitengenezwi tena, lakini kuna watu Marekani wamekataa kabisa kuizika. Na swali lao ni zito kuliko vile linasikika: kampuni kubwa ikishaamua mashine imekufa, mafundi wadogo wanaweza kuifufua?

Nikupe historia haraka. Banshee iliingia soko mwaka wa 1987. Injini yake ya sisi 347 ilitoka kwa pikipiki ya barabarani ya Yamaha, RZ350. Inapozwa na maji, gia sita, cheni nyuma. Kuwasha ni kwa kiki peke yake, na gia ya kurudi nyuma haina. Ukiingia mahali pabaya, unashuka na kuivuta kama punda. Kwa matuta ya mchanga ya Glamis, kule California, hii kitu ilikuwa mfalme. Mchanga unataka injini inayozunguka kwa kasi na kutoa nguvu ghafla, na tu-stroki imeundwa hivyo.

Enzi hizo haikuwa peke yake. Honda walikuwa na TRX250R, Suzuki walikuwa na LT500R ambayo watu waliibandika jina Quadzilla, Kawasaki nao walikuwa na Tecate-4. Wote walitoka kwa mchezo mapema. TRX250R ilikwisha 1989, Quadzilla 1990. Banshee ikabaki ikijivuta mwenyewe hadi modeli ya 2006, hiyo ndio ya mwisho iliyouzwa Marekani, ingawa nchi kadhaa ziliendelea kuipata miaka michache baadaye. Karibu miaka 20 na injini ni ileile! Simu yako ikifikisha mitatu unaanza kulia.

Ni nini kiliiua? Watu wengi watakuambia ni serikali, na ni kweli, lakini nusu tu.

Kwa fo-stroki, petroli inaingia kupitia valvu, valvu inafungwa, inachomwa, halafu moshi unatoka kupitia valvu ingine. Kila mtu na mlango wake na saa yake. Tu-stroki haina valvu hizo. Ina matundu kwa ukuta wa silinda, na pistoni ikishuka inayafungua karibu wakati mmoja. Petroli mpya inaingia huku moshi wa zamani ukitoka, na sehemu ya hiyo petroli mpya inatoroka na moshi kabla ijachomwa. Juu ya hiyo, oili inachanganywa na petroli, kwa hivyo nayo inachomeka na kutoka. Unalipia mafuta, yanapita tu kama wageni wa harusi waliokuja kula.

Mwaka wa 2002 shirika la mazingira la Marekani, EPA, likaweka sheria ya moshi kwa mashine za kujivinjari. Nusu ya kwadi za kila kampuni zilitakiwa kutimiza kiwango kufikia 2006, na zote kufikia 2007. Banshee na kabureta zake mbili haingepita huo mtihani hata kwa mwakenya. Lakini Yamaha hawakulia sana, kwa sababu tayari walikuwa na YFZ450, fo-stroki ya michezo waliyoitoa kama modeli ya 2004. Ungekuwa wewe ndio bosi, ungemwaga doo kusafisha injini ya miaka ya 80, ama ungeuza mpya iliyo tayari?

Halafu soko lenyewe likahama. Polaris walitoa RZR kama modeli ya 2008, kile kigari cha watu wawili kukaa bega kwa bega, chenye usukani na mikanda. Mzazi akiwa na pesa, ananunua hiyo akae na mtoto kando. Kwadi za michezo zikaanza kupungua moja baada ya ingine, hata zile za fo-stroki. Kwa hivyo usikae ukingoja Yamaha waamke siku moja waseme pole, tumeirudisha. Hesabu zao haziwaambii hivyo.

Hapo ndio mafundi wadogo wanaingia, na stori inanoga.

Banshee iliuzwa miaka mingi bila kubadilika, kwa hivyo biashara kubwa ya spea ikakua kando yake. Pistoni utapata kwa Wiseco, krenkshafti kwa Hot Rods, ekzosti kwa FMF ama Toomey. Kuna wanaounda fremu mpya kabisa za bomba la chuma aloi, nyepesi na ngumu kushinda ya kiwanda. Kuna wanaouza silinda za kwao, kubwa kuliko za Yamaha. Cheki hesabu: injini ya kiwanda ina kipenyo cha milimita 64 na pistoni inasafiri milimita 54. Weka krenkshafti inayosafirisha pistoni milimita 58, unapata sisi 373. Ongeza silinda za kipenyo cha 68, unafika 421. Yote haya bila kupigia Yamaha simu. Ukiwa na doo na subira, unaweza kuunganisha Banshee ambayo sehemu chache sana zimewahi kuona kiwanda cha Japani.

Sasa mtu anauliza, kama kila spea iko, shida iko wapi? Si mtu aziunganishe auze mzima mzima?

Mwanzo, tu-stroki ni rafiki ya fundi mdogo. Haina kamshafti, haina valvu, haina cheni ya taimingi, haina bwawa la oili chini ya krenkshafti. Lakini vitu vichache ilivyo navyo havitaki mchezo. Silinda ndio roho. Zile njia za kupitisha petroli zimejikunja ndani ya ukuta wa alumini, na drili haiwezi kufika huko. Lazima uziumbe wakati wa kumimina chuma, na kalibu ya mchanga ndani ya kalibu. Njia moja ikikaa vibaya, nguvu inapotea na hutajua ni kwa nini. Chini yake, nyumba ya krenkshafti inafanya kazi kama pampu, na kwa Banshee kila silinda ina chumba chake kilichozibwa. Hewa ikivuja hata kwa tundu dogo, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, pistoni inayeyuka. Siku hiyo utasikia kimya ambacho hujawahi kusikia.

Giaboksi nayo ni noma ingine. Gia sita maana yake ni jozi sita, yaani magurudumu 12 ya meno, na kila moja lazima lichongwe kwa vipimo vya karibu kisha lichomwe ili meno yawe magumu juu na moyo ubaki na ustahimilivu. Hii si kazi ya grainda na macho makali.

Na kuna hesabu inayoua ndoto nyingi kuliko sheria yoyote. Tuseme, kwa mfano tu, kalibu za kumimina nyumba ya injini zinagharimu shilingi milioni 10. Kiwanda kikitoa kwadi 20,000, kila moja inabeba shilingi 500 ya hizo kalibu. Fundi akitoa 50, kila moja inabeba 200,000, na bado hajanunua hata nati. Ndio maana wadogo wanakimbilia mashine za CNC zinazochonga kutoka kwa kipande kizima cha alumini, ama kalibu za mchanga zinazochapishwa na printa za 3D. Kila kipande kinatoka ghali, lakini hulipi milioni kabla ya kuuza cha kwanza. Teknolojia hii ndio imefanya swali la kufufua Banshee liache kuwa porojo za baa.

Sheria je? Hapa usidanganywe na mtu. Patenti za miaka ya 80 zilishaisha muda, kwa hivyo kunakili umbo la injini si kesi. Jina Yamaha na nembo yake, hizo usiguse. Moshi nao una mlango wa kando: EPA inaruhusu mashine za mashindano peke yake zisifuate viwango. Ndio maana Yamaha wenyewe bado wanauza YZ250, pikipiki ya motokrosi ya tu-stroki, na hakuna anayekamatwa. Lakini mashine hiyo ni ya uwanja wa mashindano. Ukiuza kwadi kwa karatasi za mashindano huku unajua jamaa anaenda kuponda raha na familia Jumapili, unacheza na moto.

Ukuta mkubwa ni usalama. Tangu sheria ya 2008, kila anayeunda ama kuingiza kwadi Marekani lazima afuate viwango vya lazima na awe na mpango wa usalama uliokubaliwa na tume ya CPSC: mafunzo kwa wanunuzi, onyo, mipaka ya umri. Honda wana jengo zima la watu wa kushughulikia hayo. Fundi mwenye wafanyakazi watano hana. Halafu kuna bima. Mtu mmoja akivunjika shingo na kushtaki, karakana inakuwa ya wakili.

Ninajua mashabiki wakifika hapa wanaanza kutukana serikali. Mimi siko upande wao. Mamia ya watu hufa kila mwaka Marekani kwa ajali za kwadi na mashine za aina hiyo, na wengine ni watoto. Zile za magurudumu matatu zilitolewa sokoni 1988 baada ya vilio vingi. Banshee haisamehi: iko kimya, iko kimya, halafu nguvu yote inafika kwa mara moja na wewe bado unafikiria. Anayetaka kuirudisha bila kuzungumzia hilo anakuuzia ndoto nusu.

Kwa hivyo wengi wanachagua njia ya kati. Wanauza fremu leo, injini kesho, plastiki keshokutwa, na mteja anajifungia mwenyewe kwa gareji yake. Inafanya kazi, ila ukitaka kusajili fremu ambayo haina nambari ya kiwanda, kwa majimbo mengine utazungushwa ofisi hadi uchoke.

Kuna waliojaribu njia nzima. Uingereza, kampuni ndogo ya Langen ilitangaza mwaka wa 2020 pikipiki ya tu-stroki ya sisi 250 ya kutembea barabarani, yenye sindano ya mafuta ya kisasa badala ya kabureta. Walipanga 100 tu kwa soko la Uingereza, na bei ni zaidi ya pauni 25,000. Unaona? Inawezekana, lakini inakuwa mkufu wa dhahabu, si nduthi ya kijana. Upande wa pili kuna Cannondale, wale wa baiskeli. Waliingia kwa pikipiki na kwadi na injini yao wenyewe ya fo-stroki, na kufikia 2003 walikuwa kwa mahakama ya kufilisika. Jina kubwa, mashine zilizo na mawazo mazuri, na bado doo zikakauka.

Hii si mbali na sisi. Nyayo Pioneer ya 1986 ilifika magari machache ya majaribio na ikaishia hapo kwa kukosa pesa za kiwanda. Mobius walitangaza Agosti 2024 kwamba wanafunga, kabla mwekezaji kutokea na kuwanunua. Kuunda gari moja, Wakenya wameweza. Ya mia moja ndio hutuangusha.

Lakini Cheki Banshee vile inapumua bado: hakuna kampuni moja inayoibeba. Mmoja anajua pistoni, mwingine silinda, mwingine anachomelea fremu, na kila mmoja anaishi kwa kile kipande chake. Tembea Kariobangi Light Industries ama Kirinyaga Road uulize ni nani anaweza kukuchongea bushi ama kukutengenezea silinda upya. Utaelekezwa kwa mtu kabla hujamaliza swali. Kile hatuna ni mtu wa kupima kila kipande kwa kipimo kilekile, leo na mwaka ujao, ili cha Kariobangi kiingie kwa cha Gikomba bila nyundo.

Dau langu ni hili. Banshee mzima mpya, na bei ya kijana wa kawaida, hutaiona. Injini kamili mpya ndani ya kreti, ya kufunga kwa fremu ya zamani yenye karatasi zake, hiyo naiona ikiwezekana, kwa sababu inakwepa usajili na kupunguza kesi. Mwenye fremu kuukuu ya 1998 nyuma ya nyumba asikubali kuiuza kwa wa skrapu sasa hivi.