ASKARI NAYE YU CHINI YA SHERIA

Wapo watu, tena wasomi, wanaodai kwamba asiye na hatia hana sababu ya kuogopa kupekuliwa barabarani. Hiyo ni kasumba ya kikoloni. Mkoloni ndiye aliyemhesabu kila mwananchi kuwa mshukiwa. Katiba yetu yasema kinyume: Ibara ya 13 yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani, na Ibara ya 15 yataka kukamatwa kwake kufuate utaratibu wa sheria. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Hatusemi askari asisimamishe magari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yampa uwezo huo, na kila anayejua maafa ya barabara zetu atamwunga mkono. Lakini kukagua leseni na breki si sawa na kufungua masanduku ya abiria. Kwa Tanzania Bara, mipaka imewekwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985. Upekuzi wahitaji shaka yenye msingi, si kinyongo wala tamaa. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kinachochukuliwa kiandikiwe stakabadhi. Anayekamatwa aelezwe sababu, na kwa makosa yasiyo ya adhabu ya kifo sheria imeweka saa 24 kuwa kipimo cha kumfikisha mahakamani.

Je, masharti haya yanamlinda mhalifu? La hasha! Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba shabaha ya stakabadhi ni kuthibitisha kuwa kielelezo hakikutoka pengine ila pale kilipokamatwa. Basi askari anayedharau stakabadhi humfungulia jambazi mlango wa kutokea, na jasho la wenzake hupotea bure.

Lakini lawama si za askari peke yake. Mtumishi wa umma anayetoa "chai" kituoni ili yaishe amenunua usumbufu wa mwenzake wa kesho. Mkulima aliye nyuma yake, asiye na "chai" wala barua ya kazi, ndiye atakayelala mahabusu.

Kwa hiyo, ndugu watumishi, ulizeni kwa adabu: "Afande, unanishuku kwa kosa gani?" Nanyi walimu, fundisheni swali hilo darasani. Askari mwaminifu hatalichukia, kwani sheria inayomwekea mpaka ndiyo hiyo hiyo iliyompa madaraka.