Jani la Estelí
Sifa ya sigaa nene ya Nikaragua tunampa mwenye chapa, nami naona tunakosea mlango. Ladha hutengenezwa Estelí, mji ambao Wakuba waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1959 waliufanya kitovu cha tumbaku. Majani makavu hupangwa marundo makubwa, yakachachuka kwa joto lao wenyewe. Joto likizidi, marundo hupinduliwa, amonia ikiwawasha wafanyakazi macho. Jani la juu ya mche, lililoota jua zaidi, lina ukali wa pilipili manga. La bonde la Jalapa huleta utamu. Mezani, fundi mmoja hufunga majani ya ndani, mwenzake huyavika jani la nje, akilikata kwa kisu kipana kisicho na mpini. Yule wa kwanza akikaza mno, moshi haupiti. Akilegeza, sigaa huungua haraka na kuchoma ulimi.