Safari ya Akina Mama Wanne na Watoto Wanane

Mwezi huu tumeona vema tuwaeleze habari ya safari yetu ya likizo, maana wengi mnapanga safari pamoja na marafiki, na marafiki wengi wamerudi kutoka safari hawasalimiani.

Sisi tu akina mama wanne, majirani wa miaka mingi. Watatu tuna waume, mmoja ni mjane. Watoto tutakaokwenda nao ni wanane. Shauri letu ni kupanda treni hapa Mwanza hadi Tabora, tupumzike, kisha tuendelee na treni hadi Dodoma. Toka hapo tushike treni ya umeme hadi Dar es Salaam, tena tukodi gari twende Bagamoyo. Kwa reli tu ni zaidi ya kilometa 1,200, na watoto wetu hawajavuka Shinyanga.

Mwanzoni tulikosa. Tulikaa jioni moja barazani, chai mkononi, tukawa twaongeza vituo kama mtu aongezavyo sukari: Dodoma siku tatu, Dar es Salaam siku nne, mwisho boti ya kwenda Unguja. Hesabu ikafika shilingi 950,000 kwa kila nyumba. Mwenzetu mjane, ambaye anauza dagaa sokoni, aliitikia kila jambo. Tukafurahi. Wiki mbili baadaye binti yake akamwambia binti wa mmoja wetu kwamba mama amekwenda kikoba kuuliza mkopo wa safari.

Tuliona aibu sana. Mtu akope fedha za kununulia mtaji wake ili apande boti pamoja nasi! Tena hakuna aliyemlazimisha ila uso wetu. Tulipomwendea hakutaka kuzungumza, alisema tu, “Kwani mlitaka nibaki peke yangu?” Ikatubidi tuanze upya.

Ndipo tulipotumia njia hii, nasi twawapa ninyi. Kila mmoja alipewa kipande cha karatasi, akaandika bila jina kiasi anachoweza kutoa pasipo kukopa na pasipo kugusa ada ya shule. Vikakunjwa, vikatiwa katika bakuli. Tulikubaliana kabla ya kufungua kwamba kiasi cha chini kabisa ndicho kitakuwa cha wote, wala hapana atakayeuliza ni cha nani. Cha chini kilikuwa 600,000. Nacho hakikuwa cha mjane, maana yeye mwenyewe alishtuka kilipofunguliwa. Kilikuwa cha mmoja wetu sisi wenye waume, ambaye nyumba yake ina vigae na geti, na sote tulidhani ndiye asiye na shida. Hakusema neno, wala sisi hatukusema. Unguja ikafutwa siku ile ile.

Sasa habari ya treni yenyewe. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na treni hii ya zamani mwendo wake ni wa polepole. Anayeipanda kwa haraka ajilaumu mwenyewe. Haitoki kila siku, kwa hiyo ratiba iulizwe stesheni kabla hamjapanga jambo lolote lingine, na tena iulizwe wiki ya safari. Ukitaka kuteremka Tabora, nunua tiketi ya kufika Tabora na nyingine ya toka Tabora, na ujue utangoja huko mpaka treni nyingine ipite. Sisi tumepanga kupumzika kwetu kufuate ratiba, wala si ratiba ifuate kupumzika kwetu.

Daraja la pili la kulala lina vitanda sita katika chumba kimoja. Wanaume na wanawake hutengwa, isipokuwa kundi likichukua chumba kizima. Sisi tu kumi na wawili, hivyo vyumba viwili vinatutosha kamili, na wavulana wetu wakubwa wawili hawatalala na wageni. Hili peke yake limetufanya tukubali idadi ya kumi na wawili na kukataa, kwa upole, wifi mmoja aliyetaka kuongezeka mwishoni. (Bado ana kinyongo. Tutamletea asali ya Tabora.)

Chakula msibebe kingi. Bebeni maji, matunda, na kande au mikate ya siku ya kwanza. Vituoni watu huja madirishani na vyakula, na kuku wa Saranda wajulikana nchi nzima. Kila mama awe na fedha ndogondogo, maana treni haingoji chenji. Na mtoto asitumwe kuteremka kununua hata kama treni imesimama.

Tumechagua Tabora kwa sababu ya watoto. Nje kidogo ya mji, huko Kwihara, ipo nyumba aliyokaa David Livingstone mwaka 1872, alipoagana na Stanley. Mwaka uliofuata alikufa, na watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake kwa miguu wakipitia sehemu hizo mpaka Bagamoyo, ulikofika Februari 1874, ukalazwa misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1868. Basi watoto wataona sehemu ya njia na mwisho wake. Mmoja ameshauliza waliobeba walikula nini; tumemwambia akaulize huko.

Toka Dodoma hadi Dar es Salaam ni treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria katika kipande hicho Julai 2024. Hiyo ina stesheni yake, siyo ile ya treni ya zamani. Msipange kushuka moja na kupanda nyingine saa ile ile, hasa mkikumbuka kwamba ya kwanza yaweza kuchelewa. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na aliye chini ya miaka 4 hakulipa. Kwa nauli hiyo sisi tungelipa hivi: mama wanne na watoto watatu wakubwa, 217,000, watoto wanne wa katikati, 62,000, mdogo bure. Jumla 279,000. Kabla ya kukata, ulizeni nauli ya siku hiyo, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake.

Katika gari la kukodi twasema kwa uchungu. Mwaka mmoja tulikodi gari hapa Mwanza twende Butiama kuona makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Hatukuandikiana kitu; mwenye gari alikuwa mtu wa kufahamiana. Tulipopita Lamadi tairi likapasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Tulikaa kando ya barabara na watoto mpaka jua likazama. Kisha mwenye gari akatudai tairi jipya, akisema lilipasuka mikononi mwetu, na kwa kuwa mmoja wetu ndiye aliyempigia simu, deni likamwangukia yeye. Mume wake alilipa. Miezi mingi hakuja barazani.

Basi safari hii tumekodi Hiace pamoja na dereva, na tumeandika: kodi ya siku ni kiasi gani, mafuta ni ya nani, dereva atakula na kulala kwa fedha ya nani, gari likiharibika nani analeta jingine na nani analipia tairi. Wamesaini watu wawili wa upande wetu, si mmoja. Siku ya kulichukua tutaomba kuona bima, tutabonyeza tairi la akiba kwa mikono yetu, tutatazama jeki na mikanda, na tutapiga picha kila mkwaruzo. Dereva akinuna, anune. Tena hatutasafiri na gari usiku.

Waume zetu wameuliza nani atapika. Tumewaonyesha jiko lilipo.

Fedha anazishika mwenzetu mjane, kwa sababu miongoni mwetu ndiye pekee anayejua kuhesabu fedha za watu kila siku bila kupotea senti. Ana daftari la kurasa mbili, moja ya fedha zilizoingia na moja ya fedha zilizotoka, na kila Jumamosi hutusomea. Juzi alitusomea kwamba nyumba moja haijamaliza, imebakiza 80,000. Hakutaja nyumba. Akafunga daftari, akasema tarehe ya kukata tiketi tuisogeze wiki mbili mbele, kwani yeye mwenyewe ana shughuli. Sote tukasema ndiyo, hata sisi tuna shughuli.