Daftari la Petroli: Neno kwa Wenzetu Wenye Motokaa Ndogo

Wazee wetu wametuachia neno lisemalo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika watu wote, sisi makarani ndio tungepasa kulishika sana neno hilo, maana kazi yetu tangu asubuhi hata jioni ni daftari. Risiti moja ikikosekana katika jalada, ofisi nzima hupekuliwa. Shilingi mia zikipungua katika hesabu ya safari, mkubwa wa kazi hutaka maelezo kwa maandishi. Lakini tutokapo ofisini na kuingia katika motokaa zetu wenyewe, hekima hiyo twaiacha juu ya meza pamoja na kalamu.

Twaandika haya kwa sababu kila mwisho wa mwezi twasikia manung'uniko yale yale: motokaa yala petroli kupita kiasi. Mmoja humlaumu mwenye kituo cha mafuta kwamba pampu yake yapunja. Wa pili humlaumu fundi. Wa tatu husema kwamba hiyo ndiyo tabia ya motokaa kuukuu, wala hapana dawa. Twawauliza wote, "Ndugu, motokaa yako yaenda kilomita ngapi kwa lita moja?" Wote hunyamaza. Nasi hatuwacheki, maana sisi pia tulinyamaza vivyo hivyo zamani, na ujinga wetu ulitugharimu kitu kilicho kikubwa kuliko fedha.

Habari yenyewe ni hii. Tunayo motokaa ndogo, Toyota Vitz ya mwaka 2006, yenye injini ya cc 1,000 na silinda tatu. Twaitumia kutoka Mbagala kwenda kazini mjini Dar es Salaam na kurudi, na jioni mdogo wetu, aliyekuwa akikaa kwetu, alikuwa akiichukua kwa shughuli ndogo za nyumbani. Mwenzetu wa ofisi moja anayo motokaa kama hiyo hiyo, naye akaaye upande ule ule wa mji. Tuligundua kwamba yeye hununua petroli mara tatu wakati sisi twanunua mara nne. Basi tukafanya hukumu bila ushahidi. Usiku mmoja tulimwita mdogo wetu tukamwambia kwamba anafyonza petroli na kuiuza kwa vijana wa pikipiki. Akasema, "Kaka, mimi sikuchukua hata tone." Hatukumsadiki. Kesho yake alifunga mizigo yake akaenda kukaa kwa shangazi, na mama yetu hakusema nasi kwa siku nyingi.

Mwenzetu yule wa ofisini ndiye aliyetufungua macho. Alituuliza swali moja tu: "Hesabu yako iko wapi?" Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumemhukumu mtu kwa mshale wa petroli uliopo mbele ya dereva, nao ule mshale si shahidi mwaminifu. Katika motokaa nyingi hushuka polepole tangi likiwa limejaa, kisha huanguka mbio likifika nusu. Tena tulikuwa na desturi ya wengi wetu, yaani kufika kituoni na kusema, "Weka ya elfu kumi." Mtu anunuaye kwa noti hajui lita alizopata, na bei ikibadilika mwezi ujao hajui hata kama amepata nyingi au chache.

Njia ya kupima ni rahisi, haihitaji fundi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita zilizopo katika saa ya mwendo. Tumia motokaa kama desturi, na utakaporudi jaza tena vivyo hivyo, ikiwezekana katika pampu ile ile, ukaandike kilomita mpya na lita zilizoingia. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita hizo. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa pampu huweza kujikata mapema au kuchelewa. Fanya mara nne au tano, kisha chukua wastani.

Tulifanya hivyo mara tano. Wastani wetu ulikuwa kilomita 9.5 kwa lita. Mwenzetu alipopima yake alipata kidogo juu ya 13. Sasa tulikuwa na neno la kusema. Lakini angalieni kitu kingine ambacho daftari lilituonyesha. Katika siku zote za kupima, mdogo wetu hakuwapo, na ufunguo ulikuwa katika mfuko wetu usiku na mchana. Ikiwa yeye ndiye aliyekuwa mwizi, mbona petroli iliendelea kupotea? Tulijaza pia katika vituo vitatu mbalimbali, na jibu likawa karibu lile lile. Kwa hiyo hata wale tuliowaita wapunjaji hawakuwa na kosa. Tulilaza gazeti chini ya motokaa usiku kucha, asubuhi likawa kavu bila harufu. Basi mwizi alikuwa ndani ya motokaa yenyewe.

Twawasihi wenzetu wafuate utaratibu katika kumtafuta, waanze na vitu visivyo na gharama. Kwanza ni upepo wa mipira. Kitambaa kilichobandikwa penye mlango wa dereva huonyesha kipimo chake. Yetu ilitaka 32, nayo mipira miwili ilikuwa na 21. Mpira uliolegea huburuta, na tena huchakaa kando kabla ya wakati wake. Upepo upimwe asubuhi mpira ukiwa baridi, maana ukiisha kwenda mwendo hupata joto na kipimo hudanganya.

Pili ni breki. Baada ya mwendo mfupi tulipeleka mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa na joto kuliko mengine yote. Fundi alipolifungua, waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshikwa na kutu, haurudi. Yaani kwa miezi mingi tulikuwa tukiendesha motokaa huku breki imeishika gurudumu moja. Sisi tukaao karibu na bahari, penye hewa ya chumvi, yafaa tuangalie sana jambo hili.

Tatu, nalo ndilo kubwa, ni joto la injini. Miaka miwili nyuma motokaa yetu ilichemka katika safari ya Morogoro. Fundi mmoja aliitoa themostati, yaani kile kifaa kidogo kizuiacho maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Alituambia kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, kwetu hakina kazi. Maneno haya husemwa sana, na wengi wetu tumeyapokea kama hekima. Si kweli. Injini imetengenezwa kufanya kazi maji yake yakiwa na joto la nyuzi 80 na zaidi, hata iwe Dar es Salaam au Ulaya. Themostati isipokuwapo, maji huzunguka kwenye rejeta tangu mwanzo, na injini hukawia kupata moto. Kompyuta ya injini hupima maji hayo, huona ni baridi, na hudhani kwamba motokaa imewashwa sasa hivi. Basi huongeza petroli kama vile mama aongezavyo kuni katika jiko lisiloshika. Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu kila asubuhi. Katika motokaa kama yetu kuna taa ya buluu iwakayo injini ikiwa baridi, nayo hupaswa kuzimika baada ya dakika chache. Yetu ilikuwa ingali ikiwaka tulipofika Mtoni. Tuliiona siku zote, tukaidhania ni pambo.

Na ule ugonjwa wa kwanza, wa kuchemka, haukuwa wa themostati. Fundi wa pili aliona kwamba feni ya rejeta ilikuwa haizunguki vizuri. Alitengeneza feni, akarudisha themostati mpya, akajaza kulanti mahali pa maji ya bomba. Twasisitiza mpango huo: asirudishe mtu themostati kabla hajajua sababu ya kuchemka, asije akaiua injini kwa kutaka kuokoa petroli.

Yako mambo mengine ya kuangalia. Plagi zilizochakaa huchoma petroli vibaya. Sensa ya oksijeni ikifa, kompyuta hupoteza kipimo cha kuchanganya petroli na hewa. Kwa hiyo taa ya injini ikiwaka mbele ya dereva, isomwe kwa mashine, isifunikwe kwa karatasi kama tulivyoona wengine wakifanya. Oili nayo iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa. Yetu yataka 5W-30, lakini tulikuwa tukijaziwa 20W-50 iliyo nzito, na injini ndogo huchoka kuikoroga. Ama ekilina ya hewa, ibadilishwe ikichafuka kwa afya ya injini na nguvu zake. Lakini katika motokaa za siku hizi zisizo na kabureta, majaribio yaliyofanywa Marekani mwaka 2009 yalionyesha kwamba ekilina chafu huipunguzia motokaa nguvu ya kuondoka kuliko kuiongezea ulaji wa petroli. Basi fundi akikwambia kwamba ekilina pekee ndiyo iliyokula mshahara wako, mwombe atazame tena.

Jambo la mwisho ni mguu wetu wenyewe. Katika foleni twakanyaga kwa nguvu ili tuwahi mkia wa motokaa iliyo mbele, kisha twakanyaga breki. Petroli yote ile imegeuka kuwa joto la breki. Twamngoja mtu nusu saa injini ikinguruma kwa ajili ya ubaridi, nayo injini ndogo ikisimama hivyo huweza kula nusu lita hadi lita moja kwa saa, bila kwenda hata hatua. Na katika njia kuu, upinzani wa hewa hukua kuliko mwendo: atokaye kilomita 80 kwa saa kwenda 100 huongeza upinzani huo kwa zaidi ya nusu.

Haya ndiyo matokeo ya daftari letu. Baada ya mipira na breki, tulipanda kutoka 9.5 hata 10.4. Baada ya themostati na oili, tulifika 12.1. Baada ya kuufundisha mguu adabu, tumesimama penye 13. Kwa mtu aendaye kilomita 800 kwa mwezi, tofauti ya 9.5 na 13 ni lita 22 na zaidi. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu tu, hiyo ni karibu shilingi 68,000 kwa mwezi, na zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Kila karani aijua kazi ambayo fedha hizo zingefanya nyumbani mwake.

Wako watakaosema kwamba kuna njia ya mkato, kama vile sumaku za kufunga penye bomba la petroli na dawa za kumimina katika tangi. Idara ya Marekani ya kulinda mazingira imevichunguza vifaa vya namna hii zaidi ya 100, na vilivyoonekana kuwa na faida ni vichache mno. Atakaye kununua anunue, lakini kwanza apime, na baadaye apime tena. Muuza dawa aogopaye daftari hana dawa.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa Chama chetu. Kinunue kipimo kimoja cha upepo na mashine moja ndogo ya kusomea taa ya injini, viwekwe katika chumba cha Chama, na kila mwanachama aviazime kwa kutia sahihi. Pia liwekwe daftari moja ambamo kila mwenye motokaa ataandika aina yake, mwaka wake na kilomita zake kwa lita. Sisi tulijua ugonjwa wetu kwa sababu tu mwenzetu alikuwa na motokaa kama yetu na alikubali kupima. Daftari la Chama litakuwa mwenzake kila mtu.

Na neno moja zaidi, lililotufanya tushike kalamu. Tulikwenda kwa shangazi, tukamwomba mdogo wetu radhi mbele ya mama. Alitusamehe, akarudi nyumbani. Lakini tulimwita mwizi usiku mmoja tu, nasi twajua kwamba usiku ule hautafutika upesi. Ndugu mwanachama, petroli yako ikipungua, usimtazame kwanza dereva wako, wala mtoto wa nduguyo, wala kijana wa pampu. Tazama daftari lako. Na kama huna, anza leo jioni.